Kigoma hadi Guangzhou kwa daraja la kawaida: safari inaharibikia Dar, sio angani

Mwalo_Kibirizi

Wakuu habari za muda huu.

Naona maswali yanazidi humu kuhusu ndege ya moja kwa moja Dar–Guangzhou, na wengi wanaouliza ni vijana wa hapa Kigoma, wa Mwanga, Gungu na Ujiji wanaotaka kufuata mzigo wenyewe badala ya kununua Kariakoo ukiwa umeshapita mikono mitatu. Shida ni kwamba majibu wanayopewa ni ya watu wa Dar. Mtu wa Dar akitoka nyumbani anaita gari, anashuka uwanjani, basi. Sisi tuna safari nzima kabla ya safari yenyewe. Kwa hiyo uzi huu ni wa mtu anayeanzia Kigoma, mwenye hela ya daraja la kawaida, na anayetakiwa afike akiwa na nguvu ya kuzunguka madukani kesho yake asubuhi.

Mimi nauza taa za uvuvi na vifaa vya sola. Wateja wangu ni wenye vipe na boti za dagaa, Kibirizi na Katonga. Mzigo naufuata mwenyewe.

Naanza na ndege. ATCL, shirika letu la ndege, walipokea Boeing 787-8 ya kwanza Julai 2018, mwaka uliofuata wakaanza kwenda Mumbai, na Guangzhou ikafuata 2021. Ndege ile ina siti 262: 22 za daraja la biashara kule mbele, na 240 za kwetu. Dar hadi Guangzhou ni kilomita 8,700 hivi, yaani zaidi ya saa kumi hewani bila kugusa chini. Ukitoka kwenye ile ndege ndogo ya Kigoma, Q400 yenye siti 76, ukaingia humu unaona umeingia ukumbini. Usidanganyike na ukubwa. Siti yako wewe ina upana wa inchi 17 hivi, na kila mstari mnakaa tisa, watatu watatu, na korido mbili katikati.

Kuna jambo moja zuri la ndege hii ambalo watu hawalisemi, nalo ni hewa. Ndani ya ndege yoyote ikiwa juu, mwili unajiona uko mlimani. Kwenye ndege nyingi za zamani hali ya ndani inaweza kufika sawa na kukaa mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Njombe mjini. Bodi la 787 limetengenezwa kwa nyuzi za kaboni, linahimili presha zaidi, kwa hiyo ndani ni kama mita 1,800, Mbeya na kidogo zaidi. Kwa mtu aliyezaliwa kando ya ziwa lililoko mita 770 tofauti hiyo anaisikia kichwani. Unashuka ukiwa umechoka, ndiyo, lakini kichwa hakigongi. Hata hivyo hewa bado ni kavu, midomo inapasuka. Maji unywe kila wahudumu wakipita, na usingoje kiu.

Siti. Hapa naomba mnisikilize, maana ndipo daraja la kawaida linapokuwa zuri au baya. Wengi wanakimbilia dirishani. Kwa safari ya saa mbili sawa, kwa saa kumi hapana. Ukikaa dirishani kila ukitaka kwenda chooni unaamsha watu wawili, mwisho unaona haya, hunyanyuki, na hunywi maji ili usiende chooni. Miguu inavimba. Chukua siti ya korido, na hasa korido ya kile kifungu cha katikati. Sababu yake: ukikaa korido ya kifungu cha pembeni, wawili wote wa ndani lazima wapite kwako. Kifungu cha katikati kina korido kulia na kushoto, aliye katikati anaweza kutokea upande wa pili, na wa mwisho ana korido yake. Unasumbuliwa mara chache zaidi. Mstari wa mwisho kabisa kuukwepa: siti nyingi za huko hazilali nyuma na foleni ya choo inasimama begani kwako. Mstari wa mlango wa dharura una nafasi ya miguu, lakini mara nyingi unalipiwa zaidi, na hukai pale ukiwa mgonjwa, mjamzito au na mtoto.

Na nyanyukeni wakuu. Kukaa zaidi ya saa nne bila kutembea kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na Shirika la Afya Duniani lilishalisema hilo 2007. Mwenye uzito mkubwa, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, amuone daktari kabla. Wengine tembeeni hadi nyuma mrudi, na mkiwa mmekaa chezesheni vifundo vya miguu. Vaeni raba za kulegeza kamba, sio viatu vya kubana.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike, ambacho ni Dar.

Nilikaa uwanjani Dar na kijana wa Kasulu. Viza anayo, kadi ya homa ya manjano anayo, hela amebadilisha. Tiketi ya Kigoma–Dar alikata kwa wakala mmoja, ya kimataifa kwa mwingine kwa sababu ilikuwa nafuu kidogo. Siku ya safari ndege ya ndani ikasogezwa kutoka asubuhi hadi jioni, akapata ujumbe tu kwenye simu. Alipotua Dar akangoja begi, akatafuta gari la kumvusha, maana ndege za ndani zinatua Jengo la Pili na za kimataifa zinaondokea Jengo la Tatu, huwezi kuvuka kwa miguu na mizigo. Akafika kaunta, dada amesimama anakusanya makaratasi yake. Imefungwa. Kaunta nyingi za kimataifa zinafungwa saa moja kabla ya kuruka. Kijana akatoa simu amuonyeshe ule ujumbe kwamba sio yeye aliyechelewa. Yule dada akausoma wote kwa heshima, akamrudishia simu, akamwambia, "Kaka yangu, kwenye mfumo wetu wewe hukutokea."

Na kwa sheria ya tiketi yule dada alikuwa sahihi. Tiketi mbili ni mikataba miwili isiyojuana. Wa kwanza alimfikisha Dar jioni, kazi yake imekwisha. Wa pili alimngoja, hakumuona. Yule kijana alinunua tiketi upya kwa hela ya mzigo.

Kwa hiyo rai yangu ni moja: tiketi iwe moja, kuanzia Kigoma mpaka unakokwenda. Namba ya tiketi moja, safari zote mbili ndani yake. Ukikatiwa hivyo, ndege ya ndani ikichelewa ni wajibu wao kukutafutia inayofuata. Wakala akikwambia "ni ile ile tu", mwambie akutumie karatasi usome. Ukiona namba mbili tofauti za tiketi, ujue umeuziwa safari mbili. Nasisitiza kwa sababu ndege hii haiondoki kila siku. Ukiikosa ya leo hungoji kesho.

Kama bajeti inakulazimisha tiketi mbili, fika Dar jana yake. Gharama ya gesti moja Dar ni ndogo kuliko tiketi mpya.

Pale kaunta ya Kigoma soma kile kikaratasi wanachofunga kwenye mpini wa begi. Kigoma ni TKQ, Dar ni DAR, Guangzhou ni CAN, Mumbai ni BOM. Ukiona CAN, begi linakwenda moja kwa moja. Ukiona DAR tu, utalitoa mwenyewe Dar. Uliza kabla halijapita kwenye mkanda.

Karibuni kwa maswali.

---

Unyanyembe_Halisi

Mkuu umeandika vizuri, ila kwenye bei nakupinga kidogo. Sisi Tabora siku hizi tunapanda basi hadi Dodoma, tunaunga treni ya SGR, ile reli mpya, hadi Dar. Tangu treni ile ianze 2024 hesabu zimebadilika kabisa. Ukiweka nauli hizo na tiketi ya kimataifa peke yake bado unaokoa hela nzuri. Tiketi moja ya kuanzia huku magharibi sio kila mtu anaiweza.

Mwalo_Kibirizi

Mkuu, kwa Tabora nakubaliana na wewe, mmekaa karibu na reli. Mtu wa Kigoma ana basi la zaidi ya kilomita elfu moja. Nani anakaa kwenye basi mchana na usiku, anashuka, halafu siku hiyo hiyo anapanda ndege ya mwendo wa saa kumi? Ile damu ya miguuni niliyoisema haianzi kuhesabu ukiingia ndege, inaanza Masanga stendi. Anayekuja kwa basi alale Dar usiku mmoja mzima, atembee, anyooshe mwili. Akifanya hivyo, sina ubishi na njia yako.

---

Manyovu_Kwetu

Mbona hamtaji Bujumbura? Kutoka Kigoma unapita Manyovu, Mugina, Mabanda, unashuka na barabara ya ziwani Rumonge hadi Bujumbura. Ethiopian wanatua pale, unaunga Addis. Kuna watu wa Heru Juu wanafanya hivyo.

Mwalo_Kibirizi

Njia ipo mkuu, na kwa anayekwenda matembezi inaweza kumfaa. Kwa mfanyabiashara angalia kurudi. Sampuli na mabegi utavusha mpaka kwa gari, forodha ya Burundi na ya kwetu, na siku mpakani pamebadilika wewe ndiye unayebaki upande wa pili. Mimi najali sana kurudi. Kwenda mtu ana begi jepesi, kurudi ndiyo kuna mali.

---

Mvuvi_Katonga

Kaka shikamoo. Swali langu ni la betri. Tunataka zile betri za lithiamu za taa, 12V 20Ah. Nikinunua nne naweza kurudi nazo kwenye begi?

Mwalo_Kibirizi

Marahaba mdogo wangu. Hapana, hata moja. Chukua volti zidisha kwa ampea-saa: 12 mara 20 ni 240, hizo ni wati-saa. Utaratibu wa abiria ni huu: betri ya akiba isiyozidi wati-saa 100 inaruhusiwa, ila ndani ya begi la mkononi tu, kamwe sio begi la chini. Kati ya 100 na 160 mpaka kampuni ya ndege ikuruhusu, na zisizidi mbili. Zaidi ya 160 abiria haruhusiwi. Sababu ni moto. Betri ya lithiamu ikiwaka chini kwenye mizigo hakuna wa kuizima kwa mkono. Ikiwa juu, wahudumu wanaiona na kuidhibiti.

Betri za taa zinakuja kwa meli, kwenye kontena, zikiwa zimetangazwa kwamba ni betri. Usikubali msafirishaji anayekwambia ataziandika "vifaa vya umeme". Nimeona mwalo mzima ukisubiri mzigo uliozuiwa, na msimu wa dagaa haukusubiri.

Pawabenki nayo ni hivyo hivyo. Ile ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, haina shida, iweke mkononi. Halafu kama ukifika China unapanda ndege ya ndani, tuseme kwenda Yiwu, jua kwamba tangu 28 Juni 2025 ndege za ndani za China hazikubali pawabenki isiyo na alama ya 3C, ile alama ya usalama ya China. Wanaichukua pale ukaguzini na hairudi. Treni ya mwendo kasi ni mbadala mzuri, mimi naipenda zaidi.

Mvuvi_Katonga

Nimekuelewa kaka. Hesabu ya volti nimeinakili.

---

Mama_Mapazia

Wapendwa hamjambo. Mimi nauza mapazia na mashuka pale Mwanga, nami napenda niongeze la mizigo maana hapo wanawake tunaumia.

Begi moja kawaida ni kilo 23, na begi likizidi kilo 32 haliendi kama mzigo wa abiria hata ulipie, linagawanywa. Una mabegi mangapi, soma tiketi yako mwenyewe, usisikilize ya jirani yako, maana tiketi za bei ya chini wakati mwingine wamepunguza begi. Na kumbuka ile safari ya ndani: unaweza kuwa na mabegi mawili kwa ndege kubwa, ukafika Dar ukaambiwa kwenda Kigoma ni kilo 23 basi. Hapo tena napigia mstari alichosema kaka, tiketi moja. Ikiwa moja, haki yako ya mzigo kwa kawaida inafuata safari nzima.

Mimi begi lilinifikia limepasuka ubavuni, kanga za sampuli zimetoka zina mafuta meusi. Kampuni siitaji. Wenzangu wakasema twende, tumechoka. Nikakataa kutoka ule ukumbi. Nikaenda kwenye meza ya mizigo, nikaandikiwa ripoti ya uharibifu, nikapiga picha begi na kile kikaratasi chake. Nililipwa. Mkataba wa Montreal, ambao Tanzania ni mwanachama, unasema begi lililoharibika ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Tangu 28 Desemba 2024 kikomo cha fidia ya mizigo kwa kila abiria ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha IMF, ambacho ni zaidi kidogo ya dola 2,000 za Marekani. Sio kwamba utapewa zote, unalipwa hasara unayoweza kuonyesha. Ndiyo maana risiti za Guangzhou hazikai ndani ya begi la chini, zinakaa kwenye pochi yangu. Wakikuzungusha, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ipo, na kuna baraza la watumiaji chini yake.

Na jamani mawese. Kama unampelekea ndugu, usiyabebe mkononi, kimiminika chochote zaidi ya mililita 100 kinachukuliwa. Ukiyaweka chini, funga kifuniko kwa nailoni, tia mfuko wa pili na wa tatu, acha nafasi juu ya chupa. Presha ikishuka kule chini chupa iliyojaa hadi shingoni inasukuma. Nimemuona dada analia na suti yake nyeupe.

Mwalo_Kibirizi

Dada yangu asante sana, hili la ripoti kabla ya kutoka ukumbini wengi hawalijui. Mtu akishatoka nje, kuthibitisha begi liliharibikia wapi ni kazi ngumu.

Unyanyembe_Halisi

Dada, na chakula? Sisi wengine tunataka halali.

Mama_Mapazia

Unaagiza wakati wa kukata tiketi au angalau siku mbili kabla. Wao wanakiita MOML. Cha mwenye kisukari ni DBML. Ukishaandikishwa unaletewa chako wa kwanza, kabla ya mkokoteni kuanza. Kwenye ndege ya kwetu hujali sana, ila ukiunga na kampuni za mbali agiza.

---

Binti_wa_Ujiji

Kaka Mwalo shikamoo, dada Mama Mapazia shikamoo. Mimi sio mfanyabiashara. Nampeleka mama Mumbai, ana tatizo la moyo, na magoti yanamsumbua. Ndani ya nyumba anatembea mwenyewe, ila ngazi haziwezi. Ana kisukari pia, anachoma sindano. Hela ya daraja la biashara hatuna. Naogopa sana hizo saa za kukaa. Je, nimpeleke hivyo hivyo?

Mwalo_Kibirizi

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuuguza. Mungu amponye mama.

Kwanza daktari. Kwa mgonjwa wa moyo, kampuni ya ndege inaweza kutaka fomu ya afya iliyojazwa na daktari wake kwamba anaweza kuruka. Iombe mapema ofisi ya tiketi, msingoje kuulizwa mlangoni. Dar–Mumbai ni kama saa sita, nafuu kuliko China, na kama mtapangiwa 787, ile hewa yake niliyoisema itamsaidia. Viza ziwe za aina sahihi: mama ya matibabu, wewe ya msindikizaji wa mgonjwa. India inaruhusu wasindikizaji hadi wawili.

Pili, kiti cha magurudumu. Ni bure, ila unakiomba wakati wa kukata tiketi, angalau saa 48 kabla. Na hapa sikiliza vizuri. Wana madaraja matatu. WCHR ni mtu asiyeweza kutembea mbali lakini ngazi anapanda. WCHS ni asiyeweza ngazi. WCHC ni asiyeweza kutembea kabisa. Mawakala wengi wanaandika la kwanza bila kukuuliza. Pale Kigoma ndege inapandwa kwa ngazi zake yenyewe, hakuna daraja la kuingilia kama Jengo la Tatu. Mama akiandikwa WCHR ataletwa kwa kiti hadi chini ya ngazi, basi, wanajua atapanda. Sema wazi: hawezi ngazi. Wakijua mapema wanajipanga namna ya kumpandisha.

Tatu, siti ya korido karibu na choo, wewe kando yake. Mnyanyue kila baada ya saa moja na nusu hivi, hata kusimama tu akishika siti ya mbele.

Mama_Mapazia

Marahaba mwanangu. Insulini isiende begi la chini, huko inaweza kuganda na ikiganda haifai tena. Iwe mkononi mwako pamoja na barua ya daktari na sindano, ukaguzini watauliza. Dawa zote za mama beba mkononi, za siku zaidi ya zile za safari. Na umvalishe soksi ndefu na kitenge kizuri cha kujifunika miguu, ndani kuna baridi.

Binti_wa_Ujiji

Nimetoka ofisi ya tiketi sasa hivi. Walikuwa wamemwandika ile ya kwanza, WCHR. Nimewaambia mama hawezi ngazi, wamebadilisha mbele yangu na nimepewa karatasi. Tiketi ni moja, Kigoma hadi Mumbai, namba nimeiona. Siti tumepewa za korido kifungu cha katikati, safu ya pili kutoka chooni. Dada, barua ya daktari iwe ya Kiingereza?

Mama_Mapazia

Ndiyo mwanangu, Kiingereza, yenye mhuri, na jina la mama liandikwe kama lilivyo kwenye paspoti herufi kwa herufi. Toa nakala mbili, moja yako moja ya mama.